Magari ya dizeli yaliyotumika mkoani Singida

Magari ya dizeli yaliyotumika mkoani Singida ni pikapu, malori madogo, mabasi madogo na magari ya familia yenye injini ya dizeli ambayo yalitumika kwanza katika nchi nyingine, hasa Japani, kisha yakanunuliwa na kuletwa kwa meli hadi bandari ya Dar es Salaam. Kutoka bandarini huendeshwa takriban kilomita 700 kupitia Morogoro na Dodoma hadi Singida mjini. Mengine hayabaki mkoani bali hupita tu kuelekea Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo.

Kwa kaya nyingi gari la namna hii ni ununuzi mkubwa kuliko wote isipokuwa nyumba. Hulipiwa kwa mafao ya kustaafu, kwa mauzo ya vitunguu au alizeti ya misimu kadhaa, au kwa fedha za kikundi. Tena hulipiwa kabla ya mnunuzi kuliona, kwa muuzaji aliye ng'ambo ya bahari. Kosa likifanyika katika kuchagua injini, kusoma hati au kukadiria kodi, mara nyingi hakuna fedha nyingine ya kulisahihisha.

Historia

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini Tanzania na uagizaji wa magari ulidhibitiwa na serikali. Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti: mtu aliyekuwa na fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alikozipata. Pikapu zilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuingia kwa wingi kwa njia hiyo. Kabla ya hapo gari la dizeli vijijini lilikuwa kwa kawaida Land Rover ya serikali au ya misheni, au lori la ushirika.

Japani ilikuja kuwa chanzo kikuu kwa sababu mbili. Kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Watanzania, hivyo usukani uko kulia na gari halihitaji kubadilishwa. Pili, gari likizeeka Japani huwa ghali kulimiliki. Gari jipya la familia hufanyiwa ukaguzi wa lazima, uitwao shaken, baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na wenye magari wengi huona afadhali kuuza kuliko kulipia ukaguzi mwingine.

Kwa dizeli kulikuwa na sababu ya tatu. Mwaka 1992 Japani ilitunga sheria ya kupunguza hewa chafu ya magari katika miji mikubwa, ikaiongezea nguvu mwaka 2001 ili kubana pia masizi. Kuanzia Oktoba 2003 mji wa Tokyo pamoja na majirani zake Saitama, Chiba na Kanagawa walipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza viwango vya moshi. Magari mengi mazima kabisa kiufundi yakakosa mahali pa kufanyia kazi, yakauzwa nje kwa bei nafuu. Ni haki kusema kwamba sehemu ya unafuu huo ilitokana na moshi ambao wakazi wa Tokyo waliukataa, na moshi huo haukuisha kwa gari kuvuka bahari.

Biashara hii ni ya dunia nzima. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika ambayo yaliuzwa nje kati ya 2015 na 2018, wauzaji wakubwa wakiwa Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani.

Ununuzi nchini Japani

Magari mengi hupitia kwanza kwenye minada. Kila gari huandikiwa karatasi ya mnada inayoonyesha kilomita, hali ya bodi na alama ya jumla. Alama 4 au 4.5 ni gari zuri; 3.5 lina mikwaruzo na mabonyeo ya kawaida. Herufi R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali na kurekebishwa. Kampuni za kuuza nje hununua mnadani na kutangaza kwenye tovuti zao kwa bei yao. Mnunuzi mwangalifu huomba nakala ya karatasi ya mnada, kwa sababu kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zaweza kurudishwa nyuma, ilhali karatasi ilijazwa kabla ya gari kufika mikononi mwa muuzaji.

Bei hutajwa kwa namna mbili. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini katika bandari ya Japani, kama vile Yokohama au Nagoya, bila nauli ya meli. CIF ni bei pamoja na bima na nauli hadi Dar es Salaam. Wanaolinganisha FOB ya muuzaji mmoja na CIF ya mwingine hudhani wamepata gari la bei ya kutupa.

Utapeli upo pia. Tovuti za bandia huiga jina la kampuni inayojulikana, na dalili iliyo wazi zaidi ni kuagizwa kulipa kwenye akaunti ya mtu binafsi au ya jina lisilofanana na la kampuni. Chama cha wauzaji nje wa magari yaliyotumika cha Japani, JUMVEA, kina orodha ya wanachama ambayo mtu anaweza kuiangalia kabla ya kutuma fedha.

Baada ya malipo gari hupakiwa kwenye meli maalumu ambamo magari huingia kwa kuendeshwa, na safari huchukua wiki kadhaa. Muuzaji hutuma hati: ankara, hati ya shehena ya meli (maarufu kama BL) na cheti cha Kijapani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Bila BL halisi au idhini ya kuachia mzigo gari halitoki bandarini, hata kama mwenyewe analiona kwa macho. Gari linatakiwa pia kukidhi masharti ya ubora wa barabarani yanayosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Kodi

Hapa ndipo waagizaji wengi hukwama. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) haitegemei ankara peke yake. Ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, unaopatikana bure mtandaoni, na thamani hiyo ikiwa juu kuliko bei iliyolipwa Japani ndiyo inayotumika.

Tanzania haijapiga marufuku magari ya zamani, tofauti na Kenya isiyoruhusu gari lililopita miaka 8, wala Uganda iliyoweka kikomo cha miaka 15. Badala yake hutoza kodi zaidi. Kwa miaka mingi gari la abiria limelipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa injini kubwa zaidi. Nyongeza ya uchakavu ya asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo.

Mfano utasaidia. Chukua gari la familia la dizeli lenye injini ya lita 3 na umri wa miaka zaidi ya 10, ambalo TRA imelikadiria shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha ni milioni 5, na thamani inakuwa milioni 25. Ushuru wa bidhaa ni milioni 2.5 na uchakavu milioni 7.5, jumla milioni 35. Kodi ya ongezeko la thamani ni milioni 6.3. Kodi zote ni milioni 21.3, yaani zaidi ya thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo ya reli, ada ya forodha, malipo ya wakala, gharama za bandari na usajili. Kwa pikapu na malori hesabu huwa tofauti na nyongeza ya uchakavu ni ndogo zaidi. Viwango hubadilika katika bajeti ya Juni, hivyo gari lililonunuliwa Mei laweza kulipiwa kodi nyingine likifika Julai.

Injini na mazingira ya Singida

Sehemu kubwa ya Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Lori linalopanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Kintinku kwenda Manyoni, au mlima Sekenke likitoka Shelui, huihisi tofauti hiyo. Injini yenye tabo hupungukiwa kidogo zaidi, lakini tabo nayo inadai oili safi na filta ya hewa isiyojaa vumbi, na vumbi ni jambo la kawaida katika njia za Mkalama, Ikungi na Itigi wakati wa kiangazi.

Injini zilizojijengea jina ni zile rahisi. Toyota 1HZ ya lita 4.2, yenye silinda 6 na isiyo na tabo, inayopatikana kwenye Land Cruiser, haina mbio lakini huvumilia, na fundi wa kijijini anaielewa. Toyota 3L na 5L za Hiace na Hilux ni za kundi hilo pia, na vilevile 4D33 ya Mitsubishi Canter, lori dogo linalobeba magunia ya vitunguu hadi soko la Misuna na alizeti hadi kwenye viwanda vya kukamua mafuta. Injini hizi zina pampu ya dizeli inayofanya kazi kimakanika. Ikichoka, fundi pampu huifungua, hubadilisha vipuri na kuirekebisha.

Toyota 1KZ-TE ya lita 3, iliyofungwa kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, ina nguvu nzuri mlimani. Udhaifu wake ni silinda hedi, ambayo hupasuka gari likichemsha. Rejeta iliyoziba au kutumia maji matupu badala ya kipoza injini yatosha kuleta hasara hiyo. Anayenunua gari lenye injini hii hutazama kama maji ya rejeta yana mafuta, na kama kuna mapovu injini ikiunguruma.

Baada ya mwaka 2000 zilienea injini ambazo dizeli husukumwa kwa mgandamizo mkubwa sana na nozeli huongozwa na kompyuta, mfano Toyota 1KD-FTV. Hutumia mafuta kidogo na hutoa moshi mchache. Lakini nozeli zake haziwezi kustahimili maji wala uchafu, na kuzipima kunahitaji mashine ambayo haipo katika gereji ya kawaida. Magari mapya zaidi yana pia chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha injini ikipata moto wa kutosha katika mwendo mrefu. Safari fupi za kuzunguka mjini hulijaza. Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2012, imejulikana kwa kukusanya masizi kwenye njia za hewa. Gari la mwaka wa karibuni lenye bodi inayong'aa laweza hivyo kuwa chaguo baya zaidi kwa mtu wa Nduguti kuliko Hilux ya miaka 20, na kodi ya uchakavu haionyeshi tofauti hiyo.

Ubora wa dizeli

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Ni hatua kubwa, ingawa Japani ilikuwa imeshafika sehemu 10, na magari yake mapya yalisanifiwa kwa kiwango hicho.

Tatizo kongwe zaidi lilikuwa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, jambo lililolipatia taifa neno uchakachuaji. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mwaka 2010 kulianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua, na katika bajeti ya 2011/12 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa sana ili kuondoa faida ya kuchanganya. Wachakachuaji walipungua, lakini walioumia ni pamoja na wenye vibatari vijijini, ambao hawakuwa na gari wala kituo cha mafuta. Kununua dizeli ya vidumu kando ya barabara bado ni hatari, hasa kwa injini za kompyuta.

Magari yanayopita

Kwenye barabara kuu kupitia Manyoni, Singida na Shelui huonekana magari yenye karatasi iliyoandikwa IT, herufi za Kiingereza zinazomaanisha kwamba gari liko safarini kwenda nchi nyingine. Hayajalipiwa kodi ya Tanzania. Huondoka bandarini chini ya dhamana ya forodha, na dhamana hiyo hufutwa pale gari linapothibitishwa kuvuka mpaka, kwa mfano Rusumo kwenda Rwanda au Kabanga kwenda Burundi. Gari likibaki nchini kinyemela, kodi hudaiwa kwa aliyetoa dhamana. Kwa sababu hiyo gari la IT linalouzwa njiani kwa bei ya chini ni mtego: halina kadi ya Tanzania na laweza kukamatwa wakati wowote. Kubeba abiria kwenye magari haya ni kosa pia, ingawa madereva wa IT wamekuwa wakiwapakia watu usiku.

Burundi huendesha upande wa kulia lakini imepokea magari mengi ya Kijapani yenye usukani wa kulia. Rwanda imekuwa kali zaidi juu ya usukani, na magari madogo yanayokwenda huko hutoka zaidi katika masoko mengine. Mtanzania anayevuka mpaka na gari lake lililokwisha kusajiliwa huhitaji kadi ya gari, kibali cha muda cha forodha na bima inayotambulika ng'ambo, ijulikanayo kama Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hutolewa Tanzania ingawa nchi si mwanachama wa jumuiya hiyo tena.