Msichana na Baiskeli: Avae Kaptura Ipi?

Wahenga waliposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ungedhani walikuwa wakituusia sisi tunaopenda kuwaamulia wanawake mavazi. Kwa muda mrefu wale waliobuni, walioshona na waliouza nguo za waendesha baiskeli walikuwa wanaume, na walishona kwa kipimo cha miili yao wenyewe. Mwanamke aliyetaka kupanda baiskeli alipewa kilichokuwapo, akaambiwa ashukuru.

Nimelazimika kulitafakari jambo hili kwa sababu ya swali la mwanafunzi. Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika mjini Kigali, Rwanda, yakiwa ya kwanza kuandaliwa katika bara la Afrika. Baada ya mashindano hayo tulikuwa tukizungumza darasani juu ya wanawake walioshiriki, ndipo msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "yale mavazi yao yana kanda zinazopita mabegani, na juu yake wamevaa jezi. Sasa mtu akitaka kwenda msalani anafanyaje?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Swali lile, ambalo wengi wangelihesabu kuwa la utovu wa adabu, ndilo kiini cha mjadala mzima kuhusu kaptura ipi inamfaa mwendesha baiskeli wa kike.

Hebu kwanza tuzitambue kaptura zenyewe. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni kaptura ya kiuno, ambayo hushikiliwa na mpira ulioshonewa kiunoni kama kaptura nyingine yoyote ya michezo. Ya pili ni kaptura ya kanda, ambayo haina mpira wa kubana kiuno. Badala yake hupanda hadi tumboni na mgongoni, na kushikiliwa na kanda mbili zinazopita juu ya mabega. Zote mbili hushonwa kwa kitambaa chenye kunyumbulika, na zote mbili huwekwa sponji ndani, mahali mwili unapokutana na kiti cha baiskeli. Zamani badala ya sponji ilitumika ngozi laini ya mnyama wa milima ya Ulaya anayefanana na mbuzi.

Sponji hiyo si pambo. Mtu aketipo juu ya baiskeli, uzito wake hukalia mifupa miwili ya makalio, na ngozi iliyo chini ya mifupa hiyo husuguliwa kila mguu unapokanyaga pedali. Penye msuguano, joto na jasho, hutokea michubuko, na michubuko isipotunzwa huwa vidonda. Ndiyo maana kaptura hizi huvaliwa bila chupi: mshono wa chupi ndio unaokata ngozi. Mifupa hiyo ya mwanamke kwa kawaida imeachana zaidi kuliko ya mwanamume, na kwa hivyo sponji iliyokatwa kwa kipimo cha mwanamume huenda ikawa nene pasipohitajika na nyembamba panapohitajika. Hili ni la kuangaliwa kabla ya kujadili kanda au mpira.

Kaptura ya kanda ina sifa zake. Mwendesha baiskeli wa mashindano huinama mbele kwa muda mrefu, mgongo ukikaribia kulala. Katika hali hiyo mpira wa kiunoni hukata tumbo na kuzuia pumzi, na kaptura huteleza ikauacha wazi mgongo wa chini. Kanda huondoa matatizo hayo yote, na sponji hubaki pale ilipowekwa. Wanaume waliitambua faida hiyo mapema, na kwa mwanamume hasara yake ni ndogo, kwa kuwa kwa haja ndogo huteremsha kidogo sehemu ya mbele, mambo yakaisha.

Kwa mwanamke mambo ni mengine kabisa. Avaapo kaptura ya kanda ya kawaida, hana budi kuvua jezi yote, ateremshe kanda zote mbili, abaki kifua wazi au na sidiria tu, ndipo ajisaidie. Tena kanda zilizoshonwa kwa kifua cha mwanamume hupita juu ya matiti na kuyabana. Watengenezaji wamejaribu kulitatua tatizo hili: wapo wanaoshona kanda zinazopita pembeni mwa matiti au kukutana katikati ya kifua, wapo wanaoweka zipu nyuma, na wapo wanaoacha sehemu ya nyuma iweze kuteremshwa bila kuvua jezi. Marekebisho hayo ni ya kusifiwa, ila kwa kawaida huongeza bei ya nguo ambayo tangu hapo ni ghali kuliko ya kiuno.

Kwa nini marekebisho hayo yamechelewa? Jibu limo katika historia. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896 ilikuwa na mbio za baiskeli za wanaume. Wanawake walisubiri hadi mwaka 1984, kule Los Angeles, ndipo wakapewa mbio zao za kwanza. Miaka 88 ni mingi. Fundi hakati nguo kwa kipimo cha mtu ambaye haruhusiwi kuingia uwanjani.

Hata nje ya uwanja, vita juu ya vazi la mwanamke na baiskeli si vipya. Mwaka 1894, Annie Londonderry, mama wa watoto watatu, aliondoka Boston, Marekani, kuzunguka dunia kwa baiskeli. Alianza safari akiwa amevaa sketi ndefu, na kabla ya kwenda mbali akaiacha na kuvaa suruali pana za wanawake wa wakati ule. Kule Uingereza, mwaka 1898, Lady Harberton aliingia katika hoteli moja ya mashambani akiwa na suruali pana za kuendeshea baiskeli. Alikataliwa kuhudumiwa katika chumba cha wageni wa heshima, akaelekezwa kwenye baa. Chama cha waendesha baiskeli kilimshtaki mwenye hoteli, na mwaka 1899 kikashindwa kesi. Msomaji atambue kwamba katika mikasa hiyo hakuna aliyesema baiskeli yenyewe ni mbaya. Kilichogombewa ni nguo, na kwa kuizuia nguo, safari nayo ilizuiwa.

Sasa tuje nyumbani, hapa Nuu. Mgeni afikaye kwetu huuona kwanza mlima wa Nuu, kisha huiona njia: vumbi jekundu, mchanga wa mito isiyo na maji sehemu kubwa ya mwaka, na miiba ya migunga inayongojea magurudumu. Nyumba zimetawanyika na shule ziko mbali. Mtoto wa kike anayetoka mbali ana njia tatu za kufika darasani: atembee, apande pikipiki ya bodaboda, au apande baiskeli.

Kutembea humchosha kabla ya somo la kwanza. Ama bodaboda, walimu wenzangu wanajua ninachotaka kusema. Msichana asiye na nauli hubebwa kwa deni, na deni la namna hiyo mara nyingine hudaiwa kwa njia isiyo ya fedha. Tumewapoteza wanafunzi kwa deni hilo. Baiskeli yake mwenyewe haimdai chochote. Utafiti uliofanywa vijijini Zambia miongoni mwa wasichana waliopewa baiskeli za kwendea shule ulionyesha kwamba muda wa safari ulipungua kwa asilimia 35 na utoro kwa asilimia 27. Kwa hivyo tunapozungumzia kaptura, tunazungumzia kama msichana huyo ataendelea kuipanda baiskeli au ataiegemeza ukutani.

Tazameni yanayompata. Baiskeli nyingi katika njia zetu ni zile nzito tulizozizoea kwa jina la Black Mamba, zenye bomba la juu linalotoka chini ya kiti hadi mbele. Msichana mwenye sketi ya shule huinua mguu juu ya bomba hilo mbele ya macho ya watu. Akishapanda, sketi hupanda naye. Upepo ukivuma, mkono mmoja hushika usukani na mwingine hushika sketi. Na mkono mmoja katika mchanga ni mwaliko wa kuanguka. Pindo likiwa refu huingia katika cheni. Na chini ya hayo yote amevaa chupi yenye mshono, juu ya kiti kigumu, jua likiwaka. Je, ni ajabu kwamba baada ya majuma machache husema heri atembee?

Rai yangu ni kwamba msichana huyu anahitaji kaptura ya kiuno, yenye sponji ya kadiri, chini ya sketi yake. Nina sababu nne.

Kwanza, faida kuu ya kanda ni kwa mtu anayeinama. Msichana wa Nuu haendi mbio. Huketi wima juu ya Black Mamba, na anayeketi wima hakatwi tumbo na mpira. Kinyume chake, kaptura ya kanda imekatwa kwa mwili ulioinama, na mtu asimamapo wima humvuta mabega. Akiwa darasani siku nzima, kanda hizo zitamtesa bure.

Pili, vyoo. Choo cha shule ya kijijini ni chumba kidogo, sakafu ya saruji au ya udongo, na mara nyingi hakina hata msumari wa kutundikia nguo. Kumwambia msichana avue shati, ateremshe kanda, azishike zisiguse sakafu, huku foleni ikingoja nje, ni kumwonea. Siku zake za hedhi taabu hiyo huzidi. Sheria ya elimu ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Itafaa nini sodo ikiwa vazi lenyewe linamfanya aogope kwenda kuibadilisha? Kaptura ya kiuno huteremshwa mara moja na kupandishwa mara moja.

Tatu, maji. Kaptura yenye sponji haina budi kufuliwa kila baada ya safari ya jasho, la sivyo itazaa vidonda vile vile ilivyokusudiwa kuvizuia. Kwetu maji huja kwa mtungi na punda. Ni bora mzazi anunue kaptura mbili za kiuno za bei nafuu, moja ikauke juani huku nyingine ikivaliwa, kuliko moja ya kanda ya bei kubwa itakayovaliwa siku tatu mfululizo. Wanaonunua mitumba wabonyeze sponji kwa kidole: isiporudi juu, imekwisha kazi. Kaptura ya mitumba na ifuliwe na kukaushwa vizuri kabla ya kuvaliwa, au fundi wa cherehani aitoe sponji ya zamani na kushonea mpya, mishono ikiwekwa pembeni, mbali na kiti.

Nne, heshima. Najua wako wazazi na walimu watakaosema kwamba kaptura ya kubana si vazi la mtoto wa kike wa Kikamba. Nawauliza: kipi chenye staha zaidi, sketi peke yake katika upepo juu ya bomba la baiskeli, au sketi hiyo hiyo yenye kaptura chini yake? Hapa kaptura haichukui nafasi ya sare. Inailinda. Mwalimu anayemwadhibu msichana kwa kuivaa anaitetea staha kwa kuiondoa.

Simaanishi kwamba kaptura ya kanda haifai popote. Mwanamke anayejitayarisha kwa mashindano marefu, kama mbio za Migration Gravel zilizoanzishwa Maasai Mara mwaka 2021, huinama kwa saa nyingi siku baada ya siku. Huyo anaweza kuifikiria kaptura ya kanda yenye sehemu ya nyuma inayoteremka, na aijaribu akiwa ameinama, si akiwa amesimama mbele ya kioo. Na hata miongoni mwa waendeshaji hodari wapo wanaopendelea ya kiuno kwa sababu ile ile ya msalani. Mwezi wa Julai 2025 Kimberley Le Court wa Morisi alivaa jezi ya manjano katika Tour de France ya wanawake, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Wasichana wetu wameona kwamba njia ipo. Huenda wa kwetu atakayeifuata anaanzia juu ya Black Mamba.

Kwa hivyo nawasihi walimu wakuu waiandike wazi katika kanuni za sare kwamba msichana anayekuja kwa baiskeli anaruhusiwa kuvaa kaptura chini ya sketi, asilazimike kuomba ruhusa kwa aibu kila asubuhi. Walimu wa sayansi kimu na ushonaji waifanye kaptura hiyo kuwa kazi ya darasani; kitambaa, mpira na sponji si vitu vya ajabu. Vyoo vyetu navyo vipigiliwe msumari mmoja nyuma ya mlango. Msumari ni shilingi chache.

Na nyinyi wanafunzi wa kike, msione haya kusema panapowauma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mkinyamaza, nguo zenu zitaendelea kukatwa na watu ambao hawajawahi kukikalia kiti hicho.