Wanga Uzuiao Hewa

Mtu akitia nyama katika mfuko wa plastiki na kuufunga barabara, hudhani kwamba hewa haina njia tena. Sivyo. Plastiki laini ya mifuko huzuia maji vizuri, lakini oksijeni, iliyo sehemu ya hewa, hupenya humo kidogo kidogo. Hiyo ndiyo igeuzayo rangi ya nyama na kuyatia mafuta yake harufu mbaya.

Wanga, ule ule ulio katika mahindi na muhogo, una tabia iliyo kinyume. Chembe zake ni kama nyuzi ndefu zilizoshikana sana, hata oksijeni haipati nafasi ya kupita. Lakini wanga hupenda maji. Ukilowa, nyuzi zake hulegea, na njia hufunguka.

Basi mafundi walifanyaje? Kampuni ya Plantic ya Australia, iliyonunuliwa na Kuraray ya Japani mwaka 2015, ilitengeneza utando wa wanga wa mahindi yenye amilosi nyingi, yaani wanga ambao nyuzi zake zimenyoka. Utando huo hulazwa katikati ya matabaka mawili membamba ya plastiki. Plastiki huukinga wanga na maji. Wanga nao huikinga nyama na oksijeni. Hivyo kila kimoja hufunika udhaifu wa mwenziwe, na nyama iliyowekwa penye baridi hukawia kuharibika.

Walakini msidhani kwamba mfuko huo wote utaoza shambani kama ganda la muhindi. Wanga utaoza, bali plastiki itabaki. Kwa hiyo msiutupe ovyo.