Kidonda kisichofunga: pa kwenda ukiwa Mji wa Kale

Mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, akitokewa na kitu kwenye ngozi, wa kwanza kuonyeshwa ni muuza dawa. Anavuta mkono wa kanzu, anaonyesha palipomwasha, anarudi nyumbani na tyubu ya krimu. Mara nyingi hapaharibiki kitu, kwa kuwa choa, chunjua na vipele vya joto ni maradhi ya kawaida katika mji wenye jua na unyevu kama Mombasa. Ubaya uko kwenye zile krimu za mchanganyiko zenye dawa ya ukungu, dawa ya bakteria na steroidi kali pamoja. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku mbili tatu, mtu akadhani amepona. Kumbe choa kinatambaa chini kwa chini, kingo zake zimefutika, na siku daktari atakapokitazama hakitafanana tena na choa.

Harusi nazo zina kisa chao. Hina ya majani haina neno kwa watu wengi. Ya kuangaliwa ni piko. Weusi wake hutokana na unga wa kupaka nywele wenye kemikali iitwayo PPD, na mwili ukishaikataa huendelea kuikataa kwa miaka, pengine maisha. Siku chache baada ya kupambwa, mkono huvimba na malengelenge hufuata ua lilelile lililochorwa, jani kwa jani. Aliyepatwa na hayo aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na asiguse tena rangi nyeusi ya nywele kabla ya kumwuliza daktari.

Yapo mambo yasiyofaa kungojea tyubu ya pili. Kidonda kilichopita wiki nne bila kufunga. Kidonda kinachozuka juu ya kovu la zamani la moto. Mabaka ya zambarau miguuni au ndani ya kinywa, ambayo huenda ni saratani ya Kaposi. Baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba hakuna unachohisi: hiyo inaweza kuwa dalili ya ukoma, ambao bado unaonekana Pwani, Kwale na Kilifi zikiwemo. Dawa zake hutolewa bure, na ukiwahiwa mapema mtu hupona bila kilema.

Nitatua zaidi kwenye nyayo na kucha, kwa sababu sisi wenye ngozi nyeusi hatuzitazami. Saratani ya melanoma inapotushika, mara nyingi huchagua wayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halihusiki sana. Bob Marley alipoonekana na doa chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, lilidhaniwa kuwa jeraha la mpira. Lilikuwa melanoma, naye akafa Mei 1981 akiwa na miaka 36. Si kila mstari mweusi ukuchani ni hatari. Wengi wetu tunayo kwenye kucha kadhaa na haina madhara. Wa kushuku ni ule ulio peke yake kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, na ambao rangi yake imemwagikia kwenye ngozi ya pembeni.

Sasa, uende wapi? Anzia zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, kwani aliyejisajili SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, hatozwi katika vituo hivyo vya ngazi ya pili na ya tatu, na hapo utaandikiwa barua ya rufaa. Rufaa huishia Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji bado wanaiita Makadara, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka Ngome, yaani Fort Jesus. Kwa upande wa binafsi, Mombasa Hospital, iliyoanzishwa 1891, iko jirani na Ngome yenyewe, na Aga Khan na Pandya ziko Kizingo. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wao wako Nairobi, kwa hiyo piga simu kwanza uulize bingwa anakuja siku gani. Usimdharau afisa tabibu aliyesomea ngozi: kituo cha mafunzo cha Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, na wapo wanaolijua baka kwa kulitazama tu. Leseni ya daktari na ya hospitali unaweza kuihakiki katika tovuti ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya.

Swali kubwa la kuuliza mahali popote ni hili: mkikata, kipande mtakipeleka maabara? Kazi yenyewe ni ndogo. Sindano ya ganzi, kisu cha duara chenye upana wa milimita nne hivi, ushono mmoja au miwili, kisha kipande kinaingia kwenye kichupa chenye fomalini na jina lako juu. Mtaalamu wa patholojia ndiye atakayesema ni nini, maana jicho peke yake hudanganyika. Tabia ya kuchoma kinyama kilichoota kwa asidi au kukikata na kukitupa naipinga kwa nguvu zote: ikiwa ilikuwa saratani, ushahidi umetupwa na mizizi imebaki. Uliza pia bei ya kukata na bei ya maabara, kila moja peke yake, kwani mara nyingi hulipwa mbalimbali.

Wenye ualbino wasingoje kidonda. Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa Ikweta, na ngozi yao inafaa kukaguliwa kila baada ya miezi michache hata kama haiumi. Mafuta ya kukinga jua hutolewa bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Majibu yakitoka, omba nakala yako uiweke. Ukipelekwa Nairobi, daktari mpya ataanza na karatasi hiyo, na kipande kilichohifadhiwa maabara kinaweza kusomwa upya bila wewe kukatwa tena.