Robo saa ya sauti, kitabu kilekile

Ukitaka kujua kama mtoto wa gredi ya kwanza anasoma kweli, usimwachie kitabu chake cha darasani. Atatiririka ukurasa mzima huku macho yake yakiwa kwenye picha, kwa sababu hadithi ameshaikariri. Mwandikie neno moja la kitabu hicho kwenye karatasi tupu, kisha ubadilishe silabi moja: badala ya “kiti” andika “kito”. Hapo ndipo utakapomjua aliyeshika sauti za herufi na aliyeshika hadithi tu. Wasiozishika ni wengi. Katika muongo wa 2010 tathmini za mradi wa Uwezo hapa Kenya zilirudia kuonyesha kwamba watoto takriban 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Ndiyo maana wapo wanaotaka shule za Likoni, Kisauni na Changamwe, huku Mombasa, ziongeze kipindi kifupi, cha robo saa, cha sauti za herufi kando ya somo la kawaida la kusoma. Nakubaliana nao kwa sharti moja: kipindi hicho kiwe zamu ya pili ya yale yaliyomo katika kitabu cha darasa, kisiwe mpango mwingine unaofuata njia yake.

Ushahidi tunao karibu. Kwale inapakana na Likoni, na huko, kuanzia 2010 hadi 2012, mradi uliojulikana kama HALI ulifanyika katika shule 101 za serikali. Takriban nusu yake zilipewa usaidizi wa kufundisha kusoma na nyingine zikaendelea kama kawaida, ili matokeo yalinganishwe. Hawakuletwa walimu wapya. Walimu walewale walifunzwa namna ya kufundisha sauti na silabi kwa utaratibu, wakapewa maandalio ya masomo yaliyo tayari, na kutumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Watoto wao waliwapita wenzao katika kusoma, na jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba walioacha shule walipungua kutoka asilimia 5.3 hadi 2.1. Si ajabu: mtoto asiyeelewa kinachoendelea darasani hana sababu kubwa ya kurudi kesho. Marekani nako, uchambuzi wa Bond na Dykstra uliotolewa 1967, uliokusanya miradi 27 ya darasa la kwanza, uliona kwamba kitabu cha kawaida kikiongezewa mafunzo ya sauti huzaa matokeo mazuri kuliko kikiachwa peke yake.

Atasema mtu kwamba Tusome ilikwisha kulitatua hilo. Kweli, tangu 2015 mpango huo wa Wizara ya Elimu uliingiza sauti za herufi ndani ya vitabu vyenyewe, vya Kiswahili na vya Kiingereza, kwa nchi nzima. Lakini kitabu hakingoji mtu. Wiki hii ni sauti hizi, wiki ijayo ni nyingine, na aliyekosa shule kwa homa siku tatu anakuta wenzake wameshavuka. Kipindi cha ziada kina maana kwa huyo hasa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sauti huzaa makasuku: watoto wanaotamka wasichokielewa. Pwani inalijua jambo hili kuliko mahali pengi. Mtoto wa Kisauni anayekwenda chuo cha Kurani hufundishwa herufi, kisha fataha, kasra na dhuma, akaunganisha hadi akaweza kusoma Juzuu Amma sawasawa bila kujua Kiarabu. Chuo kimethibitisha mambo mawili kwa pamoja: watoto wadogo, hata wakiwa kundi kubwa, wanaweza kufundishwa sauti kwa utaratibu wakazishika; na sauti peke yake haileti maana. Ila mtoto huyohuyo akisoma “samaki” kwa Kiswahili, maana ilishakuwa kichwani mwake kabla ya herufi. Akiifikia sauti, amelifikia neno. Kwa hiyo hoja ya kasuku ina nguvu kwenye Kiingereza, ambako wengi hawana msamiati, na ni dhaifu kwenye Kiswahili. Robo saa hiyo ianze na Kiswahili.

Hapo mwingine atauliza: Kiswahili chasomwa kama kilivyoandikwa, mafunzo ya sauti ya nini? Urahisi huo ndio faida yenyewe. Utafiti wa Seymour na wenzake wa 2003 uliwalinganisha watoto wa Ulaya: mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, wa Finland, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma sawasawa karibu maneno yote waliyoyazoea, na wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, theluthi moja hivi. Lakini hata Wafini hufundishwa. Kiswahili nacho kina ng na ng’, dh na th, mb na nj, na mtoto wa Kimvita asemaye “ndia” nyumbani hukutana na “njia” kitabuni. Kisha kuna maneno marefu kama “walichokinunua”, yanayomchosha mtoto anayesoma herufi moja moja.

Hatari ninayoiona mimi ni kuchanganya mipango. Baadhi ya akademia hutumia Jolly Phonics, iliyotungwa Uingereza, inayoanza na s, a, t, i, p, n kwa sauti za Kiingereza. Asubuhi mtoto anaambiwa i ni ile ya “ink”, mchana i ni ile ya “mti”. Nyumbani anaimbishwa “ei, bii, sii”, akija kusoma “baba” anaanza “bii, ei”. Kila mmoja anafundisha kwa nia njema, na mtoto anabeba sauti tatu za herufi moja.

Kuhusu muda na wingi wa watoto, walimu wana haki ya kulalamika. Somo la gredi ya kwanza ni dakika 30, na hakuna anayeweza kuongeza saa kwenye siku. Robo saa hiyo ningeitoa kwenye kunakili ubaoni, kazi inayokula muda mwingi na inayoweza kufanywa vizuri kabisa na mtoto asiyejua kusoma. Hadithi isiguswe. Mwalimu achague sauti mbili za kitabu za wiki iliyopita, awaite waliozikosa mbele, wengine wasomeane wawili wawili.