Kuunga na Kunakili: Jinsi Seli za Binadamu Zinavyorekebisha DNA Iliyodhuriwa na Mnururisho

1.0 Utangulizi

Anayetaka kueleza kwa Kiswahili jinsi seli inavyoirudisha DNA yake katika hali njema baada ya kudhuriwa hulikimbilia upesi neno ukarabati. Neno hili limekwisha kuzoeleka kwa nyumba, barabara na mitambo, na halina kosa ila moja: linafanya ionekane kana kwamba kazi yote ni ya namna moja. Makala haya yanaeleza kinachotendeka ndani ya seli ya binadamu baada ya kupigwa na mnururisho, na yanashikilia kwamba, madhara yanapokuwa makubwa, seli ina njia mbili zisizofanana hata kidogo, yaani kuunga na kunakili. Tofauti hii si ya istilahi tu. Ndiyo inayoamua iwapo seli itapona kabisa au itapona ikiwa na kovu, na baadhi ya dawa za saratani zimejengwa juu yake.

2.0 Madhara yenyewe

Mnururisho unaozungumziwa hapa ni ule wenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomu na kuiacha atomu hiyo ikiwa ioni. Eksirei na miali ya gama ni mifano yake. Kwa kuwa sehemu kubwa ya seli ni maji, mara nyingi kinachopigwa kwanza ni molekuli ya maji. Molekuli hiyo hupasuka na kuzaa vipande vyenye pupa ya kuungana na chochote kilicho jirani, hasa radikali ya haidroksili. Kwa upande wa eksirei, takriban theluthi mbili ya madhara ya DNA hutokana na vipande hivyo. Yaliyobaki hutokana na DNA kupigwa moja kwa moja.

Kipimo cha nishati inayopokewa ni greyi, yaani jouli 1 kwa kila kilo 1 ya tishu. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa hesabu ya joto: hakiwezi kupandisha joto la maji hata kwa sehemu moja ya elfu ya digrii. Kwa hiyo kitenzi kuchoma, ambacho mara nyingine hutumiwa kwa tiba ya mionzi, kinapotosha. Mnururisho hauunguzi tishu kama moto, unakata nyuzi. Greyi 1 ya eksirei huacha katika kila seli ya binadamu besi zilizoharibika zaidi ya 1,000, mikatiko ya uzi mmoja wa DNA ipatayo 1,000, na mikatiko ya nyuzi zote mbili kati ya 20 na 40.

Msomaji anaweza kudhani kwamba tarakimu kubwa ndizo za kutisha. Sivyo. Tomas Lindahl, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar, alionyesha kwamba DNA huharibika yenyewe kila siku, maelfu ya mara katika kila seli, bila mnururisho wowote. Seli imezoea madhara hayo. Kinachotofautisha mnururisho ni kwamba hudhuru sehemu kadhaa zilizokaribiana sana, kiasi cha nyuzi zote mbili kukatika mahali pamoja.

3.0 Uzi mmoja unapodhurika

DNA ina nyuzi mbili zinazokabiliana: adenini hukabiliana na thaimini, na sitosini hukabiliana na gwanini. Kwa hiyo uzi mmoja ukiharibika, mwenzake hubaki kuwa shahidi. Kimeng'enya kimoja huondoa besi mbovu, kingine huukata uzi mahali hapo, polimeresi hujaza pengo kwa kufuata uzi ulio mzima, na ligesi huziba. Uzi ukiwa umekwisha kukatika, protini iitwayo PARP1 huutambua mkatiko na kuwaita wengine. Kazi hii ni ya kutia kiraka, nayo kwa kawaida haibakizi alama.

4.0 Nyuzi zote mbili zinapokatika

Hapa shahidi hayupo. Kromosomu imekuwa vipande viwili, na seli ikigawanyika katika hali hiyo, kipande kimoja huweza kupotea. Kwanza hupigwa mbiu. Kimeng'enya kiitwacho ATM huamshwa, nacho huweka alama za fosfeti juu ya histoni zilizo kandokando ya mkatiko na kuichochea protini p53, ambayo huweza kusimamisha mgawanyiko wa seli au kuielekeza seli kujiua. Watoto wanaozaliwa bila ATM iliyo timamu hupata ugonjwa wa ataksia-telanjiektasia, na kipimo cha mnururisho ambacho mgonjwa mwingine angekistahimili huwadhuru vibaya. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1995.

Baada ya mbiu huja kuunga. Protini Ku, yenye umbo la pete, huvishwa kwenye kila ncha iliyokatika. Huikaribisha DNA-PKcs, na ncha mbili hushikwa pamoja. Kimeng'enya Artemis huzipunguza pale zilipochakaa. Kisha ligesi IV, ikisaidiwa na XRCC4, huzifunga. Njia hii hufanya kazi wakati wowote wa maisha ya seli, nayo ni ya haraka. Lakini haisomi kilichoandikwa. Fundi anayeunga kamba hapaswi kujua kamba ilikuwa na urefu gani kabla ya kukatika, na Ku vivyo hivyo: herufi chache zikipotea kwenye ncha, zimepotea. Mikatiko ikiwa mingi, ncha ya kromosomu moja huweza kuungwa na ncha ya nyingine. Huzaliwa kromosomu yenye sentromia mbili, na kuhesabu kromosomu za aina hiyo katika seli nyeupe za damu ni njia ya kukadiria mtu alipokea mnururisho kiasi gani. Ndivyo ilivyofanyika huko Goiânia, Brazili, baada ya ajali ya sesiamu ya mwaka 1987.

Kunakili ni jambo jingine. Seli ikiwa imekwisha kurudufisha DNA yake, kila kromosomu huwa na pacha aliye kando yake. Ncha zilizokatika hutafunwa upande mmoja ili zibaki nyuzi pweke; BRCA2 huupakia uzi huo pweke protini RAD51; uzi hutafuta mfuatano unaofanana nao ndani ya pacha, hujipenyeza humo, na kilichopotea huandikwa upya kwa kufuata nakala hiyo. Kazi huchukua saa kadhaa, na haiwezekani kabla ya DNA kurudufishwa, maana pacha bado hajazaliwa. Kusema kwamba seli "imekarabati" katika hali zote mbili ni sawa na kuliita kwa jina moja tendo la kushona ukurasa uliochanika na tendo la kuuandika tena kutoka kitabu kingine.

5.0 Kliniki

Seli za saratani zilizopoteza BRCA1 au BRCA2 haziwezi kunakili vizuri. Dawa zinazoizuia PARP1, ambazo ya kwanza, olaparibu, iliidhinishwa mwaka 2014, huiacha mikatiko midogo igeuke mikubwa wakati DNA inarudufishwa. Seli ya kawaida huponea kwa kunakili, ya saratani hubaki na njia zenye makosa, nayo hufa. Mantiki hii haielezeki kabisa kwa neno moja la ukarabati.

Vivyo hivyo kwa mnururisho wenyewe. Katika taasisi kama ile ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mgonjwa huweza kutakiwa arudi siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na ni haki yake kuuliza kwa nini asimalize kwa siku moja. Jibu ni kwamba tishu nyingi zenye afya hutumia muda wa kati kuunga na kunakili, ilhali uvimbe mwingi, uliopungukiwa na uwezo huo, hulimbikiza mikatiko. Kwa kawaida kila kipimo huwa karibu greyi 2; na inapolazimu vipimo viwili vitolewe siku moja, huachwa kati yake muda usiopungua saa 6.