Mizani Tatu na Makaa ya Kismayu

Miongoni mwa michezo ya kompyuta ichezwayo katika simu, upo mmoja mdogo, wenye majina mengi na watungaji wengi, ambao humkabidhi mchezaji mji wa kuutawala na mizani tatu za kuangalia: furaha ya raia, hali ya mazingira na hazina ya mji. Kila zamu mchezaji huletewa shauri, naye hulikubali au hulikataa. Akiruhusu, mathalani, kiwanda cha ngozi kijengwe ukingoni mwa mto, hazina hupanda kwa kodi, maji huchafuka, na furaha, ambayo hupanda kwanza kwa sababu ya ajira, hushuka baadaye kwa sababu ya uvundo. Na mizani yoyote ikifika sifuri, utawala wake umekwisha, hata kama nyingine mbili zimejaa pomoni.

Nasaba ya michezo hii hufika kwa SimCity, ulioundwa na Mmarekani Will Wright na kutolewa mwaka 1989, naye Wright aliathiriwa na kitabu cha Urban Dynamics cha mwaka 1969, ambamo Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT, alijaribu kuutia mji mzima, pamoja na nyumba zake, kazi zake na watu wake, katika hesabu za kompyuta. Hesabu zile zilitoa, pamoja na mengine, jawabu la kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu huuzidishia mji dhiki, jambo lililozua ubishi mkubwa. Lakini mchezaji hauoni ubishi huo, huona tarakimu tu.

Katika pwani yetu hakuna mji uliowekwa katika mtihani wa mizani hizi kwa ukali kama Kismayu. Bandari yake, iliyojengwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani juu ya kisiwa kilichounganishwa na bara kwa tuta, ilikuja kuwa mlango mkuu wa makaa ya Somalia kwenda nchi za Ghuba, ambako hutumika kuchomea nyama na kuwashia shisha. Huko bara mgunga hukatwa, magogo yake hupangwa, hufunikwa kwa mabati na mchanga, kisha hufukizwa siku kadhaa pasipo kuachiwa kuwaka wazi, hata ukapatikana mkaa mgumu wa kudumu na moto, ambao hutiwa magunia na kupakiwa malori mpaka bandarini. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, liliipiga marufuku biashara hiyo, kwa kuwa ushuru wake ulikuwa ukililisha kundi la wapiganaji la Al-Shabaab. Kabla ya mwaka kwisha, majeshi ya Kenya na wapiganaji wa Kisomali walioshirikiana nayo waliutwaa mji, wakakuta shehena ya takriban magunia milioni nne.

Hilo ndilo shauri ambalo mchezo ungelileta kwa maneno mawili: uza, au usiuze. Miti imekwisha kukatwa, kwa hiyo mazingira hayaongezeki kwa kukataa. Wachukuzi, madereva na wenye mali wanangoja malipo. Na sheria ya dunia inasema la. Makaa yaliendelea kusafirishwa. Hapa mchezo hushindwa, nami sioni kuwa umeshindwa kwa udogo wake. Hazina ya mchezo ni ya mji, hali hazina ya Kismayu ilikuwa ya yeyote aliyeishika forodha, leo huyu, kesho yule. Fauka ya hayo, mgunga hauoti ndani ya mji: mfugaji aliyepoteza kivuli na malisho ya mbuzi wake yu nje ya ubao, wala hana mizani.

Kuhusu furaha, kasoro ni kubwa zaidi, na visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai, Chula na wenzao vilivyojipanga kusini ya Kismayu, ndivyo viidhihirishavyo. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi, watu wa mashua na nyavu wasio na jeshi la kuwatetea, waliingia vyomboni wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Sasa, katika michezo mingi ya aina hii furaha ni wastani wa walio mjini, na asiyeridhika huhama. Akiisha kuhama, hahesabiwi tena, na wastani hupanda. Mtawala aliyewafukuza wavuvi wake angeonyeshwa furaha imezidi, apongezwe kwa tadbiri njema.

Atakaye kuutunga mchezo wa Kismayu, na ningependa kijana wa pwani aujaribu, basi amhesabu aliyeondoka pamoja na aliyebaki, aupe mgunga miaka yake ya kuota hata zamu zipite nyingi bila faida, na badala ya kiti cha meya ampe mchezaji mashua moja huko Chovai, birika la maji ya mvua lililo nusu, na habari za bandarini zimfikie zimechelewa.