Tembo wanaitana kwa majina? Kompyuta ilichosikia Samburu na Amboseli

Mbwa wa nyumbani ukimwita Simba, anageuka. Lakini jina hilo ulimpa wewe. Tembo wa Samburu na Amboseli nchini Kenya inaonekana hawakumngoja mtu: wana majina yao, na wanaitana wenyewe kwa wenyewe.

Habari hiyo ilitoka Juni 2024 katika jarida la Nature Ecology & Evolution. Mtafiti Michael Pardo na wenzake, akiwemo Joyce Poole aliyeanza kuwafuatilia tembo wa Amboseli miaka ya 1970, walichambua milio 469 iliyorekodiwa kati ya 1986 na 2022. Si ule mlio wa tarumbeta wa kwenye filamu. Huu ni mvumo mzito wa kooni, na sehemu yake iko chini mno kiasi kwamba sikio la binadamu haliinasi kabisa.

Kwa kila mlio, watafiti walijua nani kaita na nani kaitwa. Mfano, mama anavuma, na mtoto wake aliyebaki nyuma anakuja. Kisha kompyuta ikapewa kazi moja: kwa mlio peke yake, taja aliyekuwa anaitwa.

Ilipatia asilimia 27.5. Kwa kubahatisha tu ingepata kama asilimia 8.

Sasa, asilimia 27 si kitu cha kujivunia. Mtoto akiileta kwenye ripoti ya shule, nyumbani hapakaliki. Lakini hebu jisikilize mwenyewe kutwa nzima. "Umekula?" "Nipitishie chumvi." "Twende." Jina liko wapi? Mtu uliyekaa naye humtaji jina kila sentensi. Unalitaja akiwa mbali, ng'ambo ya barabara au katikati ya watu sokoni. Na tembo ni hivyo hivyo: kompyuta ilifanya vizuri zaidi kwenye milio ya kumwita aliye mbali na ile ya kumtunza mtoto, kuliko ile ya kusalimiana wanapokutana.

Watafiti hawakuishia kwenye kompyuta. Waliwachezea tembo 17 milio kupitia spika. Kila mmoja alisikia mlio aliokuwa ameitwa yeye, na mwingine kutoka kwa tembo yule yule lakini akimwita mwenzake. Sauti ni ile ile, tofauti ni anayeitwa tu. Kwa mlio wao, walisogea haraka kuelekea spika na kuitikia mapema. Kwa ule wa mwenzao, walijivuta.

Kilichowashangaza wanasayansi zaidi ni aina ya jina lenyewe. Pomboo na kasuku nao huitana, ila wao humwigiza mwenzao: anayeita anarudia sauti ambayo mwitwaji huitoa mwenyewe. Kwa tembo, uigizaji huo haukuonekana. Maana yake jina ni sauti tu iliyobandikwa mtu, kama sisi tunavyosema "Juma" bila Juma mwenyewe kulia "juma".

Ila usitegemee kamusi ya kitembo karibuni. Hakuna aliyefanikiwa kulitenga jina kutoka kwenye mlio mzima na kusema, hili hapa. Mvumo mmoja unabeba mambo mengi kwa pamoja. Hata kama tembo wote wa familia humwita mwenzao kwa jina moja, au kila mmoja ana lake la kumwitia, bado halijathibitishwa. Kwa hiyo kusema kwamba "lugha ya tembo imetafsiriwa" ni kukimbia kuliko utafiti.

Kwa wanaoishi jirani na tembo, hili si jambo la kuburudisha tu. Tembo wakiingia shambani, mahindi ya msimu mzima huisha usiku mmoja, na wakati mwingine anakufa mtu au anauawa tembo. George Wittemyer, mmoja wa watafiti hao, amesema angependa siku moja kuweza kuwaonya: msije huku, mtauawa. Mpaka hapo, wakulima wa Sagalla karibu na Voi wanatumia onyo ambalo tembo wanalielewa bila mkalimani: uzio wa mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akiugusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka.